Uyoga wa Rondo

Masika yaliposhika, tulipanda nyanda za Rondo, magharibi ya mji wa Lindi, kutafuta uyoga pamoja na bibi mmoja Mmwera. Sisi tulichukua madaftari. Yeye alichukua kikapu. Macho yake hayakuwa mitini bali vichuguuni. Uyoga wa kichuguu, alituonyesha, una shina refu lizamalo hadi ndani ya nyumba ya mchwa. Sayansi yakubaliana naye: mchwa hutafuna miti na majani makavu, hustawisha uyoga juu yake gizani, nao uyoga huwalainishia chakula hicho. Kumbe ukulima si wa binadamu peke yake!

Mwenzetu alileta uyoga mweupe, akidai kuwa ni salama kwa sababu umeliwa na wadudu. Bibi akautupa. "Mjukuu wangu, tumbo la mdudu si lako." Naam, imani hiyo imekwisha kuua watu.

Mengi ya Rondo hayajaandikwa. Komba mdogo mwenye jina la nyanda hizi alitambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1990 tu. Siku ile tuliandika majina 11 ya uyoga kwa Kimwera. Wajukuu wa bibi, wasomao mjini, waliyajua 2.