Safari ya Siku Moja Kwenda Nkhotakota



Likizo iliyopita sisi walimu wa kujitolea tuliwapeleka wanafunzi 12 kuona miji ya kando ya Ziwa Malawi. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na majina 12. Mtoto wa 13 nilimsahau mimi mwenyewe nilipoandika orodha. Alisimama kando ya gari, hakulia. Akasema tu: "Mwalimu, uniletee maji ya ziwa." Baba yake alikuwa mvuvi kule Baraka, lakini yeye kazaliwa hapa Dzaleka.

Tuliondoka alfajiri na baridi. Kutoka Dowa barabara inateremka mpaka Salima, na huko joto likatupokea. Tukakuta usipa wameanikwa juani. Watoto wakapiga kelele: "Ndagala!" Kweli, samaki hawa na ndagala zetu za Tanganyika wanafanana sana.

Tukafuata ziwa kwenda kaskazini, tukavuka daraja la Chia, tukafika Nkhotakota. Huko, miaka ya 1840, alikuja mfanyabiashara kutoka Zanzibar, Salim bin Abdallah. Akawa mtawala, akaitwa Jumbe. Kutoka hapo watu walivushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakauzwa. Livingstone alifika mji huu mwaka 1861, akarudi 1863 kuzungumza na Jumbe. Tuliona pia kanisa la Waanglikana la All Saints. Ndani yake amezikwa Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani mwaka 1895.

Tulikaa chini ya mti tukila viazi. Msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kumbe Kiswahili chetu kilikuja na minyororo?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamjibu: ndiyo, hata kwetu Kongo kilifika na misafara ya pembe na watumwa kupitia Ujiji. Lakini wapagazi nao walikizungumza, na wanawake sokoni, na mama zetu wakatubembeleza nacho. Leo Mfulero, Mbembe na Mrundi wanaelewana kwa lugha hiyo hiyo kwenye foleni ya maji. Waliotembezwa kwa nguvu hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Na sisi tunajua maana ya kutembea hivyo.

Jioni tulirudi kabla muda wa ruhusa haujaisha. Yule mtoto alikuwa ananingoja. Nikampa chupa. Akaitazama kwenye mwanga, akasema: "Mbona si ya bluu?" Baba yake akacheka, akamkalisha karibu, akaanza kumweleza namna ziwa linavyobadilika rangi asubuhi na jioni. Niliwaacha bado wanaongea.

Wazazi, chupa si lazima. Watoto wetu wengi hawajaona kwetu. Waelezeni ziwa, mtumbwi, wavu, na njia mliyopita. Safari hiyo haihitaji karatasi.

Safari ijayo, jina lake nitaliandika la kwanza.