Pumzi ya Baba

Marehemu baba alikuwa mpiga udi. Hakuwa mtu wa jina. Alipiga katika kikundi cha mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, na kilichobaki kwake ni kaseti moja, ambayo mpwa wangu aliihamishia kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi niliisikiliza huku nikifanya mengine: nikipiga hesabu, nikisoma gazeti, nikisinzia.

Nilipostaafu nikajinunulia hedifoni za Sennheiser HD 600, zilizokwishatumika, na baadaye kikasha cha kuweka mezani, bei yake haifiki dola 150 za Marekani. Ndani ya kikasha hicho mna vyombo viwili. Cha kwanza huitwa DAC: hupokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Cha pili ni amplifaya, inayoupa umeme huo nguvu ya kuziendesha hedifoni.

Usiku wa kwanza nilifumba macho. Wallahi, nilimsikia baba akivuta pumzi kabla ya kuanza kupiga. Sikupata kuisikia pumzi hiyo maishani mwangu. Machozi yalinitoka. Asubuhi nikampigia simu dada yangu, nikamwambia sauti imefunguka, nyuzi zimekuwa tamu, na kompyuta ilikuwa ikituficha baba yetu. Nikamhimiza naye anunue, ingawa nilijua paa la nyumba yake linavuja.

Siku ya tatu akaja mwanawe, fundi wa simu pale Darajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mama anataka kutoa fedha za mabati. Nimekuja tukijaribu hicho kikasha."

Nilichukia kidogo. Kijana huyu aje kunikagua masikio? Lakini nikakaa.

Alianza na mita yake ya umeme. Alipiga mlio mmoja usiobadilika, akapima volti zinazofika kwenye hedifoni, kwanza kutoka kompyuta, kisha kutoka kikasha. Kumbe kikasha nilikuwa nimekifungulia sauti kubwa zaidi. Akasawazisha mpaka tofauti haikufika asilimia 1. Akanieleza kuwa sikio lina udhaifu wake: ukiliongezea sauti kidogo tu, hata desibeli 1, mara nyingi halisemi kwamba hii ni kubwa zaidi, bali husema kwamba hii ni nzuri zaidi.

Kisha akanigeuza nitazame ukuta. Akawa anarusha sarafu: upande mmoja kikasha, upande wa pili kompyuta. Mara 10 nilijibu kwa uhakika wa mzee wa baraza. Nikapata 6. Mtu asiyesikia tofauti yoyote, akikisia tu, hupata 6 au zaidi karibu mara 38 katika kila majaribio 100. Sikuwa nimethibitisha kitu.

"Na ile pumzi?" nikauliza.

Akairudisha kaseti mwanzo, akaipitisha kwenye kompyuta. Pumzi ile pale. Ilikuwapo siku zote. Mimi ndiye sikuwa nimepata kukaa kimya na baba.

Haki itendeke hata kwa kikasha. Hedifoni zangu zina ukinzani wa omu 300, na zinataka volti nyingi. Penye sauti za chini, kompyuta ilifika mwisho wa nguvu zake kabla sijatosheka. Kikasha kilikuwa na akiba tele. Tena mpwa wangu alipochomeka visikizio vyake vidogo vya simu, bila muziki wowote, kompyuta ilisikika ikinong'ona, na kila nilipogusa kipanya ukatoka mlio mwembamba. Kikasha kilikuwa kimya kabisa. Nguvu na ukimya: hizo ni faida za kweli, na mwenye hedifoni kama zangu hatazijutia fedha zake. Lakini ule utamu na kule kufunguka niliviongeza mwenyewe, kwa furaha ya kununua na kwa huzuni ya kufiwa.

Dada yangu husikiliza kwa visikizio vya simu tu. Hakuhitaji kikasha. Ilinichukua mpaka jioni kumpigia.

"Kuniambia ninunue ulipiga simu alfajiri," alisema, "kuniambia nisinunue umengoja Magharibi."

Sikuwa na jibu. Mabati aliyanunua wiki ile ile.

Kikasha changu ninacho bado, nami nimeridhika nacho. Nikimsikiliza baba sasa, sishiki gazeti. Nawe msomaji, kabla hujakisifu chombo mbele ya mtu mwenye fedha kidogo, mwombe kijana akusawazishie sauti, kisha ugeukie ukuta.