Mpe Mtoto Beseni

Zuhura mwanangu,

Barua yako imenifika na nimeisoma vizuri. Unasema mtoto ametimiza mwaka na nusu, hakuna sufuria asiyoifunua, na mnafikiria kumnunulia kishikwambi chenye michezo ya herufi na rangi asije akaachwa nyuma na wenzake. Nakushauri fedha hiyo muiweke. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa viganja, ulimi na pua, na vya kumfundishia vimo tayari jikoni na uani kwenu. Zaidi ya hivyo anahitaji mtu mzima wa kukaa naye kitako na kusema naye, na huyo hauzwi dukani.

Usidhani ni mapenzi ya mambo ya kale. Ushahidi ninaoutegemea umetoka Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa ya kimaskini ya Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya wa jamii, kwa muda wa saa moja, kwa miaka miwili. Mhudumu alicheza na mtoto huku mama akishiriki, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mikono, kisha akaviacha hapo nyumbani mchezo uendelee. Wengine walipewa lishe ya ziada bila mchezo. Miaka 20 baadaye waliotembelewa kwa ajili ya mchezo walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, ilhali lishe ya ziada peke yake haikuacha tofauti ya namna hiyo. Najua utasema watoto 129 ni wachache, na wako hakudumaa. Ni kweli, wala sikuahidi mshahara mnono kwa sababu leo umempa kopo achezee. Ninachokichukua kutoka Kingston ni kidogo kuliko ahadi hiyo: vifaa vilikuwa vya bei ya bure, waliofundisha hawakuwa walimu wa chuo, na kazi kubwa ilifanywa na mama katika siku ambazo mgeni hakuwapo. Kwetu Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, habari hiyo ingepaswa kusomwa katika kila kliniki.

Sasa umpe nini? Anza na maji. Beseni lenye maji kidogo, kata, kifuu cha nazi na kung'uto vinatosha asubuhi nzima. Akimimina kutoka chombo kipana kwenda chembamba anaona maji yakipanda. Akitumia kung'uto yanampotea, naye anarudia mpaka ajue kwa nini. Hapo ndipo unapomsemesha: yamejaa, yamemwagika, ya baridi, bado kidogo. Kwa rangi, pika uji mzito wa unga wa muhogo, uache upoe, ugawe mara mbili. Fungu moja tia manjano, jingine maji ya rozela, kisha umwage kwenye sinia apake kwa vidole. Unga mbichi usimpe, maana huweza kuwa na vijidudu, naye lazima ataulamba. (Manjano hayatoki kwenye nguo nyeupe, basi mvue kabisa.) Udongo wa mfinyanzi uliolainishwa ni bora kuliko ule wa uani wanakopita kuku na paka. Na kipande kinene cha chaki kwenye sakafu ya saruji humfaa kuliko penseli, kwa sababu bado anakamata kwa kiganja kizima.

Atakachochora hakitafanana na kitu, nawe usimshike mkono umchoree nyumba au ua. Rhoda Kellogg, aliyekuwa akisimamia shule za watoto wadogo mjini San Francisco, alikusanya michoro ya watoto ipatayo milioni moja, na katika kitabu chake cha 1969 alionyesha michirizi 20 ya msingi ambayo watoto huanza nayo kabla ya kuchora mtu au nyumba. Mchirizi ndio kazi yenyewe ya umri huu. Kwa hiyo siipendi ile desturi ya vituo vya kulelea watoto ambako mlezi humalizia picha ili mzazi akija jioni afurahi.

Mama mkwe wako, ninavyomfahamu, atasema kuchezea chakula ni kufuru. Ana hoja, na asibishiwe. Penye hoja hiyo acha uji, tumia maji, udongo, majani na vitambaa, mtoto hapungukiwi. Uchafu ni hoja nyepesi zaidi: mkeka wa plastiki uani na maji ya kumwogeshea vinaumaliza. Hoja nzito ni ya hatari, na hapo sina mzaha. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kwa hiyo usimwache na beseni hata kwa kwenda kuitika mlangoni, na mchezo ukiisha yamwagwe. Gololi, kunde na maharage makavu huishia puani, masikioni au kooni. Kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni asikichezee kabla hajatimiza miaka mitatu. Rangi za mafuta za ukutani ziwe mbali naye, kwani nyingine zina madini ya risasi.

Imebaki ya muda. Unarudi magharibi umechoka, na mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi. Basi barua hii msomee na yeye. Mwonyeshe namna ya kumpa mtoto kitambaa wakati wa kufua na mchicha wakati wa kuchambua, na wala usimgombeze ukirudi ukakuta nguo za mtoto zimeloa. Wewe mwenyewe una saa ya kumwogesha, na Jumamosi.

Kuhusu kishikwambi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na akitimiza miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwonyeshe mumeo haya kabla hajaenda dukani.

Wasalaam,
Shangazi yako