Fomu inayokataa ng'

Jamani wadau, wiki nzima kundi letu la projekti ni ubishi tu. Mwenzetu kaweka ukaguzi wote wa fomu kwenye JavaScript, tena majina anaruhusu A mpaka Z basi. Sasa Msukuma mwenye ng' kwenye jina ajisajili vipi? Eti aiache ritifaa, itavuruga hifadhidata! Nimegoma. Thamani zikipelekwa kando na amri ya SQL, ritifaa haidhuru kitu. Halafu JavaScript mtu anaizima kwenye brauza, uchafu unapita. Mimi nataka klasi ya ukaguzi ikae peke yake kwenye seva, klasi ya Mwanafunzi isiguswe. Simu ya 0 au +255 ikifuatiwa na tarakimu 9, zote ipokee. Tunawasilisha Ijumaa, na bado hatujapatana.