Nani Ametenda Dhambi?



Mtoto asipotamka neno hata akiwa na miaka mitatu, wala asimtazame mama yake usoni, twawahi kuuliza: nani amekosa? Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo mbele ya kipofu wa kuzaliwa. Bwana akakataa kuwalaumu wazazi.

Wanasayansi huuliza kwa subira zaidi yetu. Huko Kilifi, Kenya, na Cape Town, utafiti wa NeuroDev umelinganisha vinasaba vya watoto wenye usonji na vya wasio nao, na ilipowezekana, vya wazazi. Jeni haihukumiwi kwa mtoto mmoja. Sharti kasoro zake zionekane zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa wengine. Jeni ya SHANK3, iliyohusishwa na usonji mwaka 2007, imethibitika hivyo, ingawa huwahusu watoto wachache tu. Na mara nyingi kasoro yake ni mpya: haimo kwa baba wala kwa mama.

Basi, hapa Issenye, mama anayemficha mwanawe kwa kuogopa maneno yetu hana kesi ya kujibu. Tumpishe kwenye benchi. Na mtoto akipiga kelele wakati wa Misa, tusigeuke kumtazama.