Binti za Selofehadi na Kompyuta

Sisi wazee wa usharika na mchungaji wao tuna la kuungama. Binti mmoja wa kwaya alituletea barua ya kuomba karo. Amepata nafasi chuoni kusomea kompyuta. Tukamshauri achague uuguzi, kwamba ndiyo kazi ya mwanamke. Mwaka uliotangulia kijana wa kiume aliomba karo ya masomo hayohayo, tukampa bila swali.

Binti akasema kwa adabu, “Baba zangu, Jumapili si mlituhubiria habari za binti za Selofehadi?” Tukanyamaza. Katika Hesabu 27 mabinti watano walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akawapa haki.

Tena tungejua: mwaka 1965, huko Marekani, mtawa Mkatoliki Mary Kenneth Keller alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, kisha akaanzisha idara ya somo hilo chuoni. Utawa haukumzuia.

Karo tulilipa, lakini tulichelewa, na binti akapoteza muhula mzima. Hatuwezi kumrudishia. Barua nyingine ikija, Bwana atujalie kuuliza juu ya kipawa tu.