Jetiski iliyogoma
Ijumaa ile ilikuwa siku yangu ya mapumziko baada ya zamu nne za usiku. Mume wangu na mdogo wake walitupeleka ufukweni Seeb na jetiski waliyonunua mtumba. Watoto walikwisha kuvaa maboya. Jetiski ikagoma.

Shemeji alibonyeza kitufe: kimya. Injini sikuisomea, si kwenye diploma ya Tanga wala digrii ya ng'ambo, ila baba yangu alikuwa fundi wa mashine za boti. Nikamwambia atazame ile kamba nyekundu ya mkononi. Klipu yake isipokaa sawasawa, chombo hakiwaki. Kweli, ilikuwa imelegea. Akaisukuma, akajaribu tena. Ta, ta, ta, lakini injini haizunguki. Betri hiyo.

"Lete waya, tuibusti kwa gari," akasema mume wangu.

Mimi nikasikia harufu ya petroli.

"Hapana, Baba Salma. Toeni kiti kwanza."

Wakacheka. Nafanya kazi wodi ya walioungua moto, sikucheka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ndani ya chombo, na cheche moja ya waya inatosha.

Kiti kikatolewa. Paipu ya mafuta ilikuwa imechanika, petroli imetuama chini. Vichwa vya betri vimeota ukoko wa chumvi. Kipimo kikasoma volti 11.8, na betri iliyojaa huwa 12.6 hivi.

Hatukuiwasha. Watoto walilia njia nzima. Kwenye taa za barabarani mume wangu akauliza, "Huko wodini, watoto nao huletwa?"

"Huletwa."